Dirisha la Bibi na Zefe ya New York

Bibi yangu ana dirisha lake. Liko ghorofa ya juu, upande wa usita, yaani kichochoro, dogo kiasi cha kutosha kichwa na mkono mmoja, na tangu nipate akili sijaona mwingine akithubutu kuweka kitu ukingoni mwake. Pale hukaa tasbihi yake, kikombe chake cha kahawa, na siku za Maulidi mrashi wa kunyunyizia watu zefe, ule msafara wa sherehe, inapopita chini. Nyumba ni ya mawe, ya kizamani, hapa Mkomani, mjini Lamu, na usita wenyewe ni mwembamba: punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi arudi nyuma. Ukichungulia kutoka juu huoni mengi. Unaona kofia, vilemba, migongo ya punda, mtu na kikapu chake. Zefe huingia upande huu wa dirisha na kutokea upande ule, na kilichotangulia na kinachofuata unakisikia tu, hukioni.

Nimeanza na dirisha hilo kwa sababu katika miaka niliyotazama miji ya watu kwa kamera za mtandaoni, karibu kila nilichokosea Bibi alikuwa akikijua zamani. (Yeye husema Kiamu chake safi. Mimi hapa namwandika kwa Kiswahili cha shule ili tuelewane, naye akisikia atanicheka.)

Kaka yangu alihamia New York mwaka 2018, akawa dereva wa teksi. Novemba ya mwaka uliofuata alitupigia simu akasema Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, na kuna zefe kubwa mjini, ya maputo mfano wa majumba, na kwamba ziko kamera zinazoonyesha mji usiku na mchana bila kukatika, mtu yeyote huzitazama bure. Mimi nina kiduka cha kuchapisha na kupiga kopi Langoni. Watu hukiita saiba, ingawa kompyuta ni tatu na moja ni mgonjwa. Kwa hiyo nikajiona mimi ndiye mjuzi wa nyumba.

Nikahesabu saa. Zefe yao miaka hiyo ilikuwa ikianza saa tatu asubuhi, na wakati ule wa mwaka sisi tuko mbele yao kwa saa nane, basi kwetu ni saa kumi na moja jioni. Hapo sikukosea, ila kaka alinionya kwamba tofauti hiyo haidumu: Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kuzisogeza mbele tena mwezi wa Machi, basi msimu wao wa joto tofauti ni saa saba. Bibi alipoelezwa akauliza, "Na jua nalo huambiwa?"

Nikaleta laptopu nyumbani. Mama akakaanga kaimati. Ami akaja na kanzu ya kutokea, utadhani anakwenda kuozesha. Watoto wakapangwa mbele mkekani. Nikafungua kamera ya Times Square, uwanja ambao hata asiyewahi kutoka Lamu anaujua kwa picha: taa za matangazo zinazowaka mchana, teksi za manjano, watu ndani ya majaketi. Saa kumi na moja ikafika. Ikawa kumi na moja u nusu. "Zefe yao huchelewa kama yetu," Mama akasema. Tukaitikia adhana ya Magharibi, tukasali, tukarudi, na uwanja ni uleule, taa zilezile, puto hakuna hata la mtoto.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Watu hawa hawatembei ovyo. Angalieni. Wote wanashika upande mmoja, na waliobeba watoto mabegani ndio wenye haraka. Zefe iko kule." Akaonyesha kwa kidole nje ya kioo cha kompyuta, pembeni, kwenye ukuta wetu wa chokaa.

Nikampigia kaka. Kelele za bendi nikazisikia kabla ya sauti yake. Kumbe zefe ile zamani ilikuwa ikipita Broadway na kukatiza hapo uwanjani, lakini iliondolewa Broadway mwaka 2009, na tangu 2012 inateremka barabara ya sita, mtaa mmoja kando. Inaanzia karibu na barabara ya 77, inaifuata Central Park, inakwenda kuishia kwenye duka la Macy's barabara ya 34, mwendo wa kilomita nne hivi. Mimi nilikuwa nimewakalisha watu saa nzima na zaidi mbele ya kona ambayo zefe iliihama miaka saba iliyopita. Ami akavua kofia, akajipepea. "Hii ni kungoja boti ya Mokowe umekaa Shela."

Hakuna aliyeondoka, lakini. Kaka aliweka simu spika akatusimulia, na siku ile kubwa haikuwa maputo, ilikuwa upepo. Tangu usiku wake mji mzima ulikuwa ukiuliza kama yataruhusiwa kuruka. Sheria yao ni kwamba upepo wa mfululizo ukizidi kilomita 37 kwa saa, au dharuba zikizidi 55, maputo makubwa hayaendi. Iliwekwa baada ya mkasa wa 1997, upepo ulipolisukuma puto moja likagonga mlingoti wa taa, na mwanamke aliyekuwa akitazama akaumia vibaya kichwani. Ami, aliyeendesha mashua miaka zaidi ya thelathini baina ya hapa na Kismayu, akaamka usingizini. Akataka kujua kila puto linashikwa kwa kamba ngapi, na watu wangapi. Nikatafuta, nikamsomea kwamba puto kubwa moja huhitaji watu hata tisini. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Hilo ni tanga lisilo na mlingoti. Na upepo wa thelathini na saba ndio ule tunaoshusha tanga kubwa tukapandisha dogo." Kaka aliposema yameruhusiwa lakini yanashikwa chini, karibu na vichwa vya watu, ami akaridhika kabisa. "Basi wana nahodha."

Nilisoma mengi usiku ule, kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu. Zefe hiyo ilianza 1924. Maputo yaliingia 1927, na katika miaka ya mwanzo yalikuwa yakiachiwa yapae zefe ikimalizika, na atakayeliokota moja akalirudisha hupewa zawadi. Kuanzia 1942 hadi 1944 haikufanyika, maana mpira na gesi ya hiliamu vilitakiwa vitani. Nilipomwambia ami hilo la kuachia maputo yapae, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza yalikuwa yakienda na upepo gani.

Tangu siku ile sifungui kamera ya msafara wowote kabla ya kuangalia ramani ya mwaka huohuo. Zefe huhama. Kamera haihami, na haina wa kukwambia kwamba imeachwa.

Mwezi mmoja baadaye ukaja mwaka mpya wa Kizungu. Sisi mwaka wetu huingia na Muharram, na Bibi hakuona sababu ya kushughulika, mpaka aliposikia mjukuu wake atakuwa ndani ya umati. New York ikifika usiku wa manane, Lamu ni saa mbili asubuhi, wakati wa chai na mahamri. Hiyo ni saa nzuri ya kutazama jambo la usiku: umeshalala, umeshasali, akili iko sawa.

Jambo lenyewe ni mpira wa taa unaoteremka mlingotini juu ya jengo la One Times Square. Unaanza kushuka ikibaki dakika moja, unafika chini mwaka unapogeuka. Wamefanya hivyo tangu kuagwa mwaka 1907, isipokuwa miaka miwili ya vita, 1942 na 1943, taa za mji zilipofifishwa. Kaka alikuwa amesimama pale tangu mchana. Watu hutiwa ndani ya vizuizi kama mbuzi wa Idi, vyoo hakuna, na ukitoka kwenda haja nafasi yako imekwenda. Alikuwa hajanywa maji tangu asubuhi. Bibi aliposikia hayo akasema huyo kijana hana mama huko.

Alituahidi atavaa kofia ya vito juu ya ile ya sufu, atapunga mkono. Simu iko sikioni mwangu, kompyuta iko mezani. Nikasikia umati ukihesabu kwa Kiingereza kurudi nyuma, tatu, mbili, moja, kisha mngurumo ulionifanya niitoe simu sikioni. Natazama kompyuta: mpira bado uko nusu ya mlingoti, unashuka taratibu, watu wa pale kwetu mezani hawajafika hata kumi. Mwaka ulikuwa umeingia kwenye simu na haujaingia kwenye picha. Watoto wakadhani nimewachezea mchezo.

Hilo lilinisumbua, nikaenda kulisoma. Tunaita "moja kwa moja", lakini picha ikitoka kwenye kamera hukatwa vipande vya sekunde chache, vikapelekwa kwenye kompyuta za kusambazia, na kifaa chako hukusanya vipande kadhaa akiba kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isisimame. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji. Nusu dakika ni kawaida. Simu haingoji hivyo, sauti huja karibu papo hapo. Siku hizi mtu akiniambia anatazama mpira wa miguu moja kwa moja kwa mtandao, na jirani anautazama kwa antena, namwambia asikae karibu na dirisha la jirani.

Na kumtafuta kaka? Tulimkosa. Watoto walimshangilia mtu mwenye kofia nyeupe dakika nzima, ikawa ni mwanamke. Umati ukaanza kutawanyika, nikakata tamaa, nikawa namwambia kaka aende akalale. Bibi akasogea karibu na kioo, akafinya macho. "Yule."

Yule alikuwa mgongo. Mtu mmoja kati ya mamia, anatembea akitupa mguu wa kushoto nje kidogo. Ndivyo alivyotembea babu, ndivyo anavyotembea ami mpaka leo. Nikamuuliza kaka, "Uko wapi sasa?" Akasema anapita mbele ya duka lenye taa nyekundu. Kwenye picha hakuna taa nyekundu. Tukangoja. Baada ya nusu dakika ule mgongo ukageuka mwekundu. Mama alilia, kisha akakasirika kwamba jaketi lenyewe halina kofia.

Mtu aliyekaa darini miaka sitini akitazama vichwa kutoka juu hawajui watu wake kwa nyuso. Anawajua kwa mwendo, kwa namna ya kubeba, kwa nani anatembea nyuma ya nani. Mimi nilikuwa natafuta uso kwenye kamera iliyo juu ya ghorofa. Ingekuwa picha ya simu ningekuwa sawa.

Wengine walikwenda zao. Bibi akabaki, na hapo ndipo alipoipenda kamera ile: alitaka kuwaona wafagiaji. Zile karatasi za rangi zinazoanguka kama mvua, zaidi ya tani moja, hurushwa kwa mikono na watu wa kujitolea kutoka juu ya majengo. Kisha huja watu wa mji na mafagio na magari, na usiku huohuo huziondoa. Televisheni huwa imeshahamia kwenye muziki. Kamera haina pa kwenda. Bibi alikunywa vikombe viwili vya chai akiwatazama wakisukuma karatasi, akisifia mmoja na kumlaumu mwingine kwa kuacha pembe, kama anavyofanya hapa kwetu asubuhi ya pili ya Maulidi usita ukifagiliwa. Alipomaliza akaniambia nifunge.

Kisha ukaja 2020, nao sitauzungumza sana, kila mtu ana wake. Machi misikiti ilifungwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu Alhamisi usiku Lamu ilikuwa kimya. Bibi hajawahi kwenda Makka. Nikamfungulia matangazo ya Msikiti Mtukufu, yanayoendelea saa ishirini na nne, na hapo hapana hesabu ya kufanya, saa ya Makka na saa yetu ni moja. Alizoea kuuona uwanja wa kutufu umejaa kwenye televisheni za watu. Sasa tuliuona mtupu, marumaru nyeupe na wafanyakazi wachache wenye mashine za kusafishia, na Al-Kaaba imesimama peke yake. Hakusema neno. Akaomba niache wazi. Niliacha wazi siku nyingi, na bando likaniumiza, kwa sababu picha ya wastani hula karibu nusu giga kwa saa. Baadaye nilijifunza kuiteremsha mpaka ile hafifu kabisa. Kwa kamera iliyosimama mahali pamoja hupotezi kitu cha maana, hasa mtazamaji akiwa na mtoto wa jicho.

Desemba hiyo Times Square nayo ilifungiwa umma. Mpira ukashuka juu ya barabara zilizo karibu tupu. Kaka alikuwa kwake chumbani, anatazama kamera ileile tunayoitazama sisi, na hiyo ndiyo mara pekee simu na picha zililingana, maana sote tulikuwa tumechelewa.

Nilipozoea, nikaanza kuzurura. Venice, mashua zinazopita chini ya daraja la Rialto, ambazo ami alizikosoa moja moja. London, kivuko cha Abbey Road, mahali ambapo Beatles walipigwa picha Agosti 1969, na ambapo watalii mpaka leo husimama katikati ya njia wakipiga picha kama ile huku madereva wakipiga honi. Ningeweza kutazama madereva hao siku nzima. Tokyo, makutano ya Shibuya, watu mamia wakivuka kwa mpigo mmoja bila kugongana, jambo ambalo Langoni siku ya mkesha wa Idi hatujaliweza.

Shibuya ndiyo iliyonifunza kuhusu uwongo. Siku moja ya Desemba, saa sita mchana, nilikuwa nikiionyesha dukani, neno la "mubashara" limeandikwa kwa wekundu pembeni, na jua linawaka vizuri. Mzee mmoja aliyekuja kupiga kopi ya hati ya shamba akauliza Japani iko upande gani. Mashariki, nikamjibu. Wako mbele yetu saa ngapi? Sita. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akalipa shilingi zake, akaondoka bila neno. Nilihitaji dakika nzima kuelewa. Saa sita mchana Lamu, Tokyo ni saa kumi na mbili jioni, na mwezi wa Desemba jua lao limeshazama muda mrefu. Ilikuwa rekodi, imewekwa izunguke milele. Ziko nyingi hivyo, za maporomoko, za fukwe, za miji. Sasa kabla ya kumwita mtu aje atazame, natazama kivuli kwanza.

Kuna kitu kimoja nilichokisoma katika kuzurura huko kilichomfanya ami acheke mpaka akakohoa. Kamera ya kwanza ya namna hii iliwekwa mwaka 1991 Cambridge, Uingereza, kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kikuu, na haikuelekezwa kwenye mnara wala mto. Ilielekezwa kwenye birika la kahawa. Wataalamu walikuwa wamechoka kupanda ngazi na kukuta birika tupu. Picha yenyewe ilikuwa ndogo, haina rangi. Mwaka 1993 ikaingia kwenye wavuti, ulimwengu mzima ukawa unachungulia kahawa ya watu, na ilizimwa Agosti 2001. Ami akasema wangekuja Mkunguni, mbele ya Ngome. Muuza kahawa akipita na dele lake unamjua yuko wapi kwa mlio wa vikombe, na ukiusikia mlio mzito ujue limebaki kidogo na heri ukimbie.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mpaka hapa nimesimulia ya kuchekesha.

Mwaka 2023 kaka alisema, kama sisi tunaiona zefe ya kwao, kwa nini yeye asione ya kwetu? Maulidi ya Lamu huja Mfungo Sita, watu hufika kutoka pwani yote, Msikiti wa Riyadha hujaa mpaka nje, na siku ya zefe mji wote hushuka usita wa pwani kwa matwari na kasida. Nikapanga mambo. Mtoto wa dada yangu akafunga simu kwenye ubao, akaiweka juu ya paa la jamaa yetu upande wa bahari, juu kabisa, nikiwa nimeshajifunza kwa Wamarekani kwamba kamera hukaa juu na haihangaiki. Betri ya nje tukaifunika kwa kitambaa cheupe, kwa sababu mwaka uliotangulia simu ilijizima kwa joto la jua. Saa kumi u nusu jioni, kwao saa tatu u nusu asubuhi, kaka akaegesha gari mahali akatazama. Watoto wa madrasa na bendera, masharifu, wazee wenye bakora, vijana wa goma. Alisikia sauti ya twari akaniandikia neno moja tu, "Marashi." Maana hicho ndicho ambacho hakikufika.

Watu wa nyumbani walioko nje walipeana kiungo. Kufika Isha walikuwa wameitazama watu mia nne na kitu, na mimi nikalala nikijisifu.

Asubuhi jirani wa jamaa yetu alikuja. Hakupiga kelele. Alikaa dakani, akaletewa kahawa, akauliza habari za Bibi, akauliza habari za punda wetu aliyekuwa na kidonda. Kisha akasema, "Jicho lenu jana lilikuwa kwangu."

Chini ya picha, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cha paa lake. Wanawake wa nyumba yake walikuwa wamekusanyika hapo kutazama zefe, kama inavyofanywa tangu mji uwe mji, na juu ya paa lao, hawana wa kumfunikia nywele. Shemeji yake aliyeko Ulaya ndiye aliyewaona, akapiga simu. Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile saa mbili na sikuwaona, kwa sababu nilikuwa natazama zefe.

Nikaifuta rekodi mbele yake. Nikaomba radhi kwake, na baadaye kwa wenyewe, mmoja mmoja, nyumbani kwao, na hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Walinikaribisha vizuri. Mkubwa wao aliniuliza tu kama alionekana amenenepa.

Bibi hakunigombeza. Alinipeleka dirishani kwake, akaniambia nitazame mbele. Nikatazama: ukuta mtupu wa nyumba ya pili. Tazama chini: usita. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza kwa nini dirisha limekaa pembeni namna ile, halikuwekwa katikati ya chumba ambapo lingependeza. "Dirisha halitazamani na dirisha," akasema. Fundi aliyejenga alikwenda kwanza nyumba ya pili akasimama, akaangalia kutoka kule. Huu ndio mji ambao wake wa waungwana zamani walitembea ndani ya shiraa, hema zima limebebwa na watumwa, wapite wasionekane, na ambao nyumba huunganishwa juu kwa juu kwa wikio ili mwanamke amfikie dada yake bila kukanyaga usita. Sisemi kwamba yote hayo yalikuwa mazuri. Waliobeba shiraa walionwa na kila mtu na hakuna aliyewauliza. Lakini suala la nani anatazama na nani anatazamwa lilishafikiriwa hapa kabla ya umeme, na mimi nikapanda juu ya paa na ubao na gundi kana kwamba nimeligundua jana.

Nilikuwa nikilalamika kwamba kamera nyingi za miji ya watu ziko mbali mno, nyuso hazionekani. Silalamiki tena. Na zile zilizo karibu, nikiona mtu amekaa peke yake kwenye benchi anafuta macho, nafunga.

Maulidi ya mwaka uliofuata hatukurusha kitu. Kaka aliuliza mara moja tu. Baada ya mwezi hivi Bibi mwenyewe akasema, "Mwekee bahari. Bahari haina nywele." Tukaiweka simu kuukuu darini kwetu, chini ya paa la makuti, inatazama juu ya mapaa mengine moja kwa moja mpaka mlangoni mwa maji na mikoko ya Manda ng'ambo. Kabla ya kuiwasha nilikwenda nyumba tatu za mbele, nikapanda juu kwa kila mmoja, nikasimama nikaangalia kutoka kule. Inaonekana maji, mashua, boti za uwanja wa ndege, mawingu, na chini kabisa kamba yetu ya nguo.

Kaka huifungua akiwa kwenye foleni ya abiria. Hana la kusema juu yake, husema tu leo maji yamejaa, leo ile mashua yenye tanga la viraka haijatoka. Aprili iliyopita alipiga simu kwa haraka, nikadhani kuna msiba. "Anueni nguo!" akapiga kelele. "Mvua inavuka kutoka Manda!"

Nikapanda ngazi mbili mbili. Shuka za Bibi zilikuwa zikichuruzika maji.